Tupimwe kabla ya kunywa habasoda
Nimeisoma makala yenu inayosifu asali, habasoda na tende kuwa tiba ya upungufu wa mbegu za kiume. Mimi, mkazi wa Langoni hapa Lamu, niliwahi kupewa na ami yangu chupa ya mchanganyiko huo, imezibwa kwa kitambaa, ninywe kijiko kimoja kila alfajiri. Sikudhurika, lakini mbegu huchukua takriban siku 74 kuumbwa, kwa hiyo anayeacha sigara leo asitarajie kipimo kubadilika wiki ijayo, na anayesifu dawa ya siku saba anazisifu mbegu zilizoanza kuumbwa kabla hajaionja. Hata vidonge vya zinki na asidi ya foliki, vilivyojaribiwa Marekani kwa wanaume zaidi ya 2,000 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2020, havikuongeza idadi ya watoto waliozaliwa. Nami nilipopimwa hatimaye (mke wangu alikuwa ameshapimwa mara tatu, naona haya kusema), daktari alikuta mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, ambayo asali haiitibu. Wanaojidunga testosteroni, homoni ya kiume, wajue kwamba homoni hiyo huzizuia korodani kutengeneza mbegu.