Rangi ya Chungwa Haikuivamia Kilti

Jumamosi nilimsindikiza shemeji yangu, mume wa dada, kwenda kupimwa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, atakayovaa harusini kwa mdogo wake. Babu yake mzaa mama alikuwa wa ukoo wa Buchanan, na tangu mwanzo alishasema atavaa tartani ya Buchanan, yaani kitambaa cha sufu cha ukoo huo, kile cha miraba mikubwa ya njano, nyekundu na kijani. Muuzaji akalifunika jora kwa kiganja. Akasema machungwa-machungwa hayo ni ya watalii, mwanamume wa heshima anavaa bluu ya giza au kijivu. Shemeji ni mpole, akanyamaza. Mimi nilijibu, lakini mengi nilitoka nayo moyoni, na tangu siku hiyo hayajanitoka.

Yule bwana hakulitazama jora lake mwenyewe. Sisi tulilipeleka dirishani. Ukilisogelea hadi pua iguse sufu, huoni uzi hata mmoja wa chungwa. Unaona uzi mwekundu wa mtande, unaokwenda kwa urefu, na uzi wa njano wa mshindio, unaoukata kwa upana, mmoja ukipita juu ya nyuzi mbili na chini ya mbili, mpaka kunatokea vile vimistari vya mshazari. Rudi nyuma hatua tatu. Pale nyekundu ilipokatana na njano, pamewaka chungwa! Tartani yote imejengwa hivyo: ukitandika nyuzi za rangi nne, kitambaa kinakupa rangi kumi, nne zenyewe na sita za makutano. Anayetaka kuifukuza chungwa itabidi afukuze nyekundu au njano pamoja nayo, na hapo sijui ni koo ngapi zitabaki na nguo ya kuvaa.

Na bado. Dukani humohumo kulikuwa na majora yenye kibandiko cha "rangi za kale", na watu wanayaheshimu kwa sababu ya neno hilo "kale". Rangi za kale ni zile zilizopunguzwa ukali zifanane na rangi za mimea: bluu inakuwa ya anga, kijani inakuwa ya majani machanga, na nyekundu inageuka chungwa. Ndiyo, chungwa. Wazee wa Nyanda za Juu za Uskoti walichemsha sufu pamoja na ukoga unaobanduliwa kwenye majabali, wakapata kahawia iliyoelekea wekundu na chungwa. Nenda Edinburgh, kwenye jumba la taifa la picha za watu, usimame mbele ya picha ya Lord Mungo Murray, mwungwana wa Uskoti aliyechorwa na John Michael Wright karibu mwaka 1683. Nilisimama pale nusu saa nzima. Nguo yake ina joto la moto wa kuni, na hakuna anayeweza kuniambia yule alikuwa mtalii. Giza analolitetea muuzaji yule lilishika nguvu kwa sare za jeshi, na baadaye kwa rangi za kiwandani, ambazo mlango wao ulifunguliwa mwaka 1856 ilipogunduliwa rangi ya zambarau ya maabara.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Baada ya vita vya Culloden, ambako waasi wa Nyanda za Juu walishindwa na jeshi la serikali ya Uingereza, sheria ya mwaka 1746 ilikataza wanaume na wavulana kuvaa mavazi haya. Kosa la kwanza, miezi sita jela. Kosa la pili, kupelekwa ng'ambo miaka saba. Marufuku ile haikuondolewa hadi 1782. Nguo ambayo watu walifungwa kwa ajili yake, leo inapunguzwa rangi moja moja na mtu mwenye futi ya kupimia shingoni, mpaka maharusi wote wafanane na mawingu ya Novemba.

Nakubali, Glasgow chungwa ina siasa yake. Mwezi Julai yanapita maandamano ya kukumbuka ushindi wa William wa Orange, mfalme Mprotestanti, dhidi ya mfalme Mkatoliki kwenye mto Boyne, Ayalandi, mwaka 1690, na kuna familia ambazo rangi hiyo inawakwaruza kidonda. Hilo silibezi. Lakini nguo yenye njano, kijani na mstari mweupe ndani yake si mshipi wa maandamano, na anayeitazama anajua. Nakubali pia kwamba kuna vitambaa vya nailoni vya chungwa inayong'aa kama koti la mfanyakazi wa barabarani. Hivyo sivitetei.

Mimi nimekulia Arusha. Mwanamume aliyejifunga shuka la drafti la nyekundu na chungwa ni mtu mzima mwenye heshima zake, na hakuna anayemwambia apunguze rangi. Labda ndiyo maana maneno ya dukani yalinichoma kuliko yalivyomchoma shemeji.

Juzi tulipata fundi mwingine, mama mmoja anayeshona kwa mkono chumbani kwake. Alikunjua mezani jora la Buchanan la rangi za kale, yadi nane, akauliza jambo moja tu: marinda ya nyuma yafuate miraba au yafuate mstari? Yakifuata miraba, mgongoni unaona ramani ileile ya mbele. Yakifuata mstari, kila rinda linabeba rangi moja, na nyingine zinajificha ndani hadi mvaaji atembee. Shemeji akaweka kidole juu ya ile nyekundu ya kale, chungwa tupu, akasema, "Huu." Mama akachukua chaki, akaanza kuhesabu.