Marefa watatu, achari kilo mbili na PhD ya siasa

Skiza nkwambie kitu bure kabisa, ukitaka kuomba PhD Marekani na unaishi Likoni, Mombasa, usimwambie mtu. Mimi nlimwambia mamangu tu, tena usiku, tena kwa kunong'ona maana husda ipo, nkamwambia mama hili jambo libaki ndani ya nyumba. Akasema inshallah. Asubuhi nashuka ule mteremko wa feri, muuza njugu ananishika mkono ananambia "safari njema, ukifika usitusahau". Fomu yenyewe sijaifungua!

Na sio tu kwamba wanajua, wanajua vibaya. Ami yangu alinita barazani mbele za watu akaniuliza sasa wewe miaka sita uende ukasome siasa ya nini, si usimame tu MCA, diwani wa kaunti, wale walioko huko mbona hawakusomea? Nkamwelezea kwamba hii si ya kuwa mwanasiasa, hii ni ya kuwachunguza wanasiasa. Akasema, "Kuwachunguza ni kazi ya polisi." Basi nkajaribu kumwingizia upande wa hela, nkamwambia huko wakikukubali hulipi karo, wao ndo wanakulipa posho miaka mitano hivi, nawe unawasaidia kufundisha. Mzee mzima kaweka kikombe cha kahawa chini akanitazama kwa huruma, "Wakulipe wewe usome? Mwanangu hao wanataka figo."

Wote wakaitikia. Na hapo ndo unajua tatizo la kusomea siasa mji huu, kila mtu ana PhD yake tayari. Ukisomea udaktari hakuna wa kukufunza kazi yako, lakini siasa! Yule wa viazi karai ana nadharia, dereva wa tuktuk ana nadharia na yake ina ushahidi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa alete sampuli ya maandishi kurasa 25.

Maana wanaitisha hiyo. Wanaitisha vitu hao watu, wee! Nliposoma orodha nkajua hii ni posa, si ombi la shule. Kuna barua ya kujieleza nia yako, kuna wazee watatu wa kukusemea, kuna kuulizwa umetoka ukoo gani wa elimu, na kuna ada. Ada ndo ilonikalisha kitako. Chuo kimoja kinataka dola 75, chengine 90, chengine 125, hiyo si karo, ni hela ya kuuliza swali tu, na kwa dola ya shilingi 130 hivi ukiomba vyuo sita unakaribia elfu sabini na kitu. Yani uende kuposa, utoe mahari yote mlangoni, alafu baba mtu akwambie sawa mwanangu, majibu mwezi wa tatu, na akikukataa harudishi kitu. Kweli kuna vyuo vinasamehe ada, lakini lazima uombe na ueleze kwa nini huna hela, na mimi karani wa ofisi ya klia-fowadi, hawa wa kutoa mizigo bandarini, nlivyoeleza ile hali nkajionea huruma mpaka nkataka kujichangia.

Ukimaliza ada kuna mtihani wa GRE, ule wa kupimwa maneno, hesabu na insha kabla hujaingia masomo ya juu. Vyuo vyengine vishaacha kuuitisha, lakini kwenye siasa vingi vya wakubwa bado vinautaka, dola 220, fanya hesabu mwenyewe mimi nshachoka. Tangu 2023 wameufupisha uko chini ya masaa mawili, na unaweza kuufanyia nyumbani kwa laptopu, mtu anakutazama kwa kamera. Nkasema hapo sasa, nyumbani. Kumbe masharti yake yameandikwa na mtu ambaye hajawahi kuingia nyumba ya Kiswahili. Uwe peke yako chumbani, mlango ufungwe, mtu asiingie, usivae kitu maskioni, na usitumie karatasi ya kawaida, ukitaka kupiga hesabu uwe na kibao cheupe cha kufuta. Nlizunguka Mwembe Tayari jua la utosi natafuta kibao, nkaja pata kimoja cha watoto kina picha ya bata pembeni. Nkasema bata si karatasi.

Siku yenyewe nkampa mama kazi ya ulinzi. Mama akachukua kigoda na mwiko akakaa mlangoni kama askari wa benki. Dada wa kamera akanambia nizungushe laptopu aone chumba kizima, akaona kitanda, akaona ndoo, akaona magunia mawili ya mkaa ya biashara ya mama, akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anatafuta kwenye sheria zake kama mkaa unaruhusiwa. Tukaanza. Niko katikati ya insha, mawazo ndo yanashuka, naskia "Hodi! Hodi wenyewe!" Khalti, dadake mama. Mama akamkemea kwa sauti kubwa kuliko hodi yenyewe, "Nyamaza we! Yuko ndani na Wazungu!" Yule dada akaniuliza kama kuna mtu mwengine chumbani, nkamjibu kweli tupu, nkamwambia chumbani hakuna, wako ukumbini. Alafu paka akaruka dirishani. Nlikuwa nshazisoma sheria mara nne, zimesema mtu. Nkaendelea.

Kitu kimoja nlikipenda, sehemu ya maneno na ya hesabu kila moja alama zinaanzia 130 mpaka 170. Yani ukikosa yote, ukilala, ukizimia, una 130. Ukarimu huo kwenye KCSE, mtihani wetu wa sekondari, hatukuuona. Ila usishangilie, kila mtu anazo hizo 130, ni kama salamu. Yangu ya maneno ikatoka vizuri, ya hesabu ikatoka ya kusitiriwa. Na mimi nlichukua siasa kuikimbia hesabu! Hakuna aliyenambia kwamba siku hizi huko siasa yenyewe ndo hesabu, mtu anataka kujua kwa nini watu wanapiga kura anaanza kuandika programu za kompyuta na milinganyo, hakuna hata picha ya mgombea.

Tuje kwenye ile barua ya nia, maana hiyo ndo ilinimaliza. Sisi tumelelewa kwamba mtu hajisifu, ukisifiwa unasema alhamdulillahi unainamisha kichwa. Wale wanataka ujisifu kurasa mbili, lakini ujisifu kwa adabu, na usianze na "tangu utotoni nimependa siasa" maana wanazisoma mia kadhaa za hivo na nafasi zenyewe ni kumi au ishirini. Wanataka uanze na swali. Sasa swali langu mimi ninalo, nalivuka kila siku. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeandika kabisa kwamba feri na bandari ni kazi za kaunti, isipokuwa kusimamia mambo ya meli za kimataifa na za kitaifa. Sawa? Na Mombasa ndo kaunti nambari 001 kati ya 47, wa kwanza kuitwa darasani. Lakini feri ya Likoni bado iko mikononi mwa serikali kuu. Kwa nini? Nani alikaa na nani, nani alikubali, nani alinyamaza, kwa nini kazi nyengine zilishuka kaunti na hii ikabaki juu? Hilo ni swali zuri bwana, naamini mpaka leo ni zuri, nlilipata nimesimama jua kali nimebanwa na kuku wa mtu.

Nkaliandika. Rasimu ya kwanza, ya pili, ya tano. Mama akataka nimsomee kwa Kiswahili, nkamsomea, akaskiza mpaka mwisho akauliza, "Mbona hukuandika kwamba unaswali?" Nkamwambia mama hawataki hayo. Akasema, "Basi na mimi ninayekupikia pia sijaandikwa." Rasimu ya sita nkamtia mama mstari mmoja, rasimu ya saba nkamtoa, mpaka leo sijamwambia.

Alafu lazima useme uko tawi gani. Hapa nlicheka peke yangu. Siasa ya Marekani ni tawi zima, lina chumba chake, lina maprofesa wake. Uhusiano wa kimataifa chumba chengine, nadharia ya siasa chengine. Sisi dunia iliyobaki, Kenya, Ujerumani, Brazili, China, tumetiwa chumba kimoja kinaitwa siasa linganishi. Kama ile nyumba ya urithi, ndugu mkubwa kachukua upande wa mbele peke yake, wajukuu wote wamerundikwa uani. Na humo uani sasa utafute profesa wa "kufiti" naye, hilo neno kufiti ndo ugonjwa wenyewe, unaweza kuwa na alama zote ukaambiwa hukufiti, kama kiatu. Nani huko amewahi kuwaza feri ya Likoni? Nlipata mmoja anaandika kuhusu ugatuzi Amerika Kusini, nkasema huyu huyu, maji ni maji.

Marefa sasa. Wanataka watu watatu wa kukuandikia barua, nami nkafanya kosa nkaitamka hiyo habari barazani. Ami akasema marefa watatu ni sawa, mmoja wa kati na wawili wa pembeni, ndo sheria ya mpira. Wawili walinipa raha, Mungu awabariki. Wa tatu ni mwalimu wangu wa zamani, mtu mzuri, msomi kwelikweli, lakini simu yake ukipiga yuko mkutanoni. Miezi mitatu mkutano mmoja. Siku nlompata akanambia "niandikie mwenyewe mimi ntatia sahihi", nkamwambia mwalimu haiendi hivo, wanakutumia linki wewe, unaandika mwenyewe, mimi hata kuiona sitakiwi. Akanipa imeli. Ya yahoo. Fomu ikaikataa, inataka imeli ya chuo. Imeli ya chuo alisahau neno la siri mwaka ambao hataki kuutaja. Nlimpigia mpaka mkewe ananijua kwa sauti, akiona nambari ngeni anauliza, "Ni yule wa feri?"

Dedilaini ilikuwa tarehe 1 Disemba saa tano na dakika 59 usiku, saa za Pwani ya Mashariki. Nlifurahi kidogo kujua nao wana Pwani, nkafurahi zaidi kuona kwao Pwani ndo kumejaa vyuo vyenye majina. Ukipiga hesabu, saa tano na dakika 59 yao ni saa moja na dakika 59 yetu asubuhi ya kesho yake, tuko mbele masaa manane. Kwa hiyo usiku kucha niko macho, refa wa tatu hajatuma, stima inaenda inarudi, saa kumi na moja naskia adhana, saa kumi na mbili mama ananiletea mahamri na mbaazi ananikuta nabadilisha koma. Koma moja! Nlikuwa naitoa, nairudisha, naitoa. Saa moja na nusu nkabonyeza. Ikatokea picha ya karatasi za rangi zinamwagika, pongezi umetuma ombi. Pongezi ya nini, nimelipa! Barua ya refa wa tatu ikaingia siku nne baadae, nashukuru vyuo vyengi barua zikichelewa kidogo wanavumilia, ningekuwa mimi nisingemvumilia.

Sasa hivi ni kungoja tu. Mwezi wa pili umeingia, kila chuo kina ukurasa wake wa kuangalia hali, na nywila yake, na kila nkifungua imeandikwa inakaguliwa. Nafungua feri ikiwa Likoni, inakaguliwa. Nafungua ikifika kisiwani, inakaguliwa, kama kwamba wamekaa kikao tukivuka. Bosi wangu ofisini ameshajua, akiniona nimeinamia simu anauliza "kontena limetoka?" nami sijui anauliza lipi. Na hata wakianza kujibu bado, maana waliokubaliwa wana mpaka tarehe 15 Aprili kuamua, kwa hiyo kuna bwana mahali amepata vyuo vitano, ameweka miguu juu anachagua, na mimi niko chini ya listi nangojea yeye achoke na kimoja.

Ila wa kungoja kwa tabu si mimi, ni khalti. Ile siku ya hodi alikuwa hakuja bure. Mwanawe yuko Minnesota, na khalti alivyoskia nimefungiwa ndani na Wazungu akajua ndege ni kesho, akaleta achari ya embe, kilo mbili, imefungwa magazeti na mifuko mitatu, nimpelekee mwanawe. Nkamwelezea khalti mimi sijaomba Minnesota, kwanza sijakubaliwa popote. Akasema, "Nchi si ni moja?" Mama akanikonyeza nipokee. Iko chini ya kitanda tangu hapo, kila Ijumaa mama anaitoa anaianika juani isiharibike, anaizungusha zungusha, mafuta yanapanda juu rangi ya dhahabu, harufu chumba kizima. Wiki ilopita khalti kaongeza bizari.

Jana usiku saa sita niko macho, mama kakaanga mihogo kailaza jikoni. Nkafungua ukurasa wa kile chuo cha kwanza. Inakaguliwa. Nkafungua cha pili, cha tatu, inakaguliwa. Nkainama chini ya kitanda, nkafungua na achari.

Khalti akiuliza ntamwambia nayo inakaguliwa.