Kompyuta Jukwaani: Mwenza au Swichi?

Kazi nyingi za sanaa ya kidijitali zinazoitwa shirikishi hazimshirikishi mtu. Unapunga mkono, taa inawaka. Unagusa skrini, rangi inabadilika. Rudia, na yatatokea yale yale. Hiyo ni swichi tu, hata ikipambwa kwa kamera na projekta za bei mbaya, na naona watazamaji tunapunjwa.

Ninachokitaka ni mashine ambayo mtu anaweza kubuni nayo papo kwa papo, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Tena si ndoto. Mnamo 1987 George Lewis, mpiga tromboni wa Marekani, aliunda programu aliyoiita Voyager. Programu hiyo humsikiliza mpigaji: sauti zake, kasi yake, nguvu yake. Kisha huamua yenyewe kama itamfuata, itampinga au itashika lake. Mpigaji akinyamaza, haingoji amri; huendelea kupiga. Hilo ndilo linalonivutia kuliko yote, kwa kuwa linamwondoa binadamu kwenye kiti cha ubosi. Inambidi atege sikio kama anavyofanya akipiga na mwanamuziki mwingine, la sivyo muziki utamwacha.

Mkanada David Rokeby, naye katika miaka ya 1980, alipita kwenye mwili. Katika kazi yake iitwayo Very Nervous System, kamera hutazama mtu anavyosogea, na kompyuta huugeuza mwendo wake kuwa sauti. Unainua bega, sauti inatoka. Sauti inakugusa, unageuka bila kukusudia, na kule kugeuka kunazaa sauti nyingine. Baada ya muda hujui tena nani kaanza. Kasi ni kila kitu hapa: jibu likichelewa kidogo tu, mwili unaacha kucheza na kuanza kusubiri.

Wapo pia wanamuziki wanaoandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta yanayotoa muziki, papo hapo jukwaani, skrini zao zikiwa wazi mbele ya hadhira, mdundo ukibadilika kila wanapobadilisha mstari. Wakikosea tunaona, na tunaona wanavyolifanyia kazi kosa lile lile. Nawapenda kwa hilo.

Sasa tazama programu nyingi za leo za akili bandia zinazozalisha picha na nyimbo. Unaandika ombi, unasubiri, unapokea kitu kilichokamilika. Ufundi ni mkubwa, sikatai, lakini wakati kitu kinaundwa mtu yuko nje ya mlango. Wanaoziunda waanzie hapo: waniruhusu nidakie mashine kabla haijamaliza, na yenyewe inidakie mimi.