Rubani hayumo kwenye picha: ramani za Wareno na pwani yetu

Mwaka 1572, mjini Cologne, Georg Braun na mchongaji Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chao cha picha za miji ya dunia, Civitates Orbis Terrarum. Katika ukurasa mmoja wamepanga miji minne: Aden imetandazwa juu, na chini yake zimefuatana Mombasa, Kilwa na Sofala, iliyo Msumbiji ya leo. Kilwa inatazamwa kama ndege angeiona akiruka juu ya maji: nyumba zimebanana, minara na kuba zimechomoza. Mtu akitaka kuonyesha Kilwa ilivyokuwa enzi zake, mara nyingi huichapisha picha hii, na sishangai. Inapendeza, na inauheshimu mji.

Kinachonisumbua ni tarehe. Ilikuwa imekwisha kupita miaka 67 tangu kundi la merikebu za Mreno Francisco de Almeida lifike Kilwa, Julai 1505. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwamo katika safari hiyo, ameandika jinsi mapadri walivyoshuka na misalaba wakiimba, msalaba ukasimamishwa, kisha watu wakaanza kuupora mji. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Mombasa, nayo ikachomwa moto. Katika maandishi ya wakati huo imehifadhiwa barua ya mtawala wa Mombasa kwa mwenzake wa Malindi, akimweleza kwamba wageni hawakumsaza mwanamume wala mwanamke, mkubwa wala mdogo, na kwamba harufu ya maiti ilimzuia kurudi mjini. Kwenye ukurasa wa Braun na Hogenberg miji hiyo miwili imetulia kimya chini ya Aden, kana kwamba hakuna aliyewahi kuwasha moto.

Basi picha kama hizi tuzifanye nini? Ubishi huu si wetu peke yetu. Mwaka 2018 mjini Lisbon, zaidi ya wasomi 100 walitia saini barua ya kupinga mpango wa kuanzisha makumbusho yenye jina la ugunduzi. Walisema nchi zenye watu wake, miji yake na biashara yake haziwezi kuitwa zimegunduliwa. Kwetu ubishi huibuka kila anapotajwa Vasco da Gama darasani, au mgeni anapopelekwa Malindi kuitazama nguzo yake yenye msalaba wa jiwe lililotoka Lisbon. Kuna wanaosema ramani na michoro ile ni silaha, sawa na mizinga, na kuendelea kuitundika ni kuendelea kushindwa. Wengine wanasema ni kumbukumbu, na ambaye hakuchora asimlaumu aliyechora.

Wa kwanza wana ushahidi mzito. Ramani inayoitwa ya Cantino ilichorwa Lisbon mwaka 1502, miaka mitatu tu baada ya da Gama kurudi kutoka India. Alberto Cantino, wakala wa mtawala wa Ferrara, aliitorosha kwenda Italia, na gharama yake ilikuwa ducati 12 za dhahabu. Leo imo katika maktaba ya Estense, mjini Modena. Ukiitazama, jicho linavutwa kwanza na mambo mawili: mstari wa mkataba wa Tordesillas wa mwaka 1494, ambao Ureno na Hispania ziliutumia kugawana bahari na nchi ambazo nyingi hawakuwa wameziona, na bendera za Ureno zilizopandwa kandokando ya Afrika. Baharia hahitaji bendera ili asigonge mwamba. Bendera ni maneno ya kumwambia mfalme mwingine akae mbali.

Miaka 14 baadaye Martin Waldseemüller, mchora ramani wa Kijerumani, alitoa ramani yake ya bahari, Carta Marina. Kwenye maji ya kusini mwa Afrika amemchora Mfalme Manuel wa Ureno akiwa amempanda mnyama mkubwa wa baharini, mkononi ameshika bendera yake. Manuel hakuwahi kuizunguka rasi ya kusini mwa Afrika. Waliovuka ni mabaharia, na wengi wao walikufa kwa ugonjwa wa kuvimba ufizi, lakini aliyepewa bahari ni mfalme. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hapa ngozi imevutwa mpaka ikafunika bahari nzima.

Hata hivyo, wanaozitetea picha hizi hawasemi upuuzi, na nimejifunza kuwasikiliza kila ninapomkumbuka Hans Burgkmair. Huyu alikuwa mchoraji wa Augsburg, na mwaka 1508 alichonga kwenye mbao picha ndefu za watu wa Afrika na India. Hakuwa amesafiri. Alitegemea habari za Balthasar Springer, wakala wa kampuni ya kibiashara ya Welser, aliyesafiri pamoja na Almeida. Tuzilinganishe picha zake na zilizokuwa zikisambaa wakati ule: miaka 15 tu kabla yake, kitabu maarufu cha historia ya dunia kilichochapishwa Nuremberg kilikuwa kimejaza pembeni mwa kurasa zake watu wenye vichwa vya mbwa na watu wa mguu mmoja, kana kwamba ndio wakazi wa nchi za mbali. Burgkmair aliliacha hilo. Akachora baba, mama na mtoto, miili imesimama kwa ulinganifu, kila jamii na mavazi yake na vitu vyake. Kwa macho ya mwaka 1508 hiyo ilikuwa hatua kubwa, na ni haki kuisema.

Lakini Springer alikuwapo Mombasa ilipochomwa, na kampuni yake ilikuwa imewekeza fedha katika safari ile. Macho yaliyompa Burgkmair habari za familia zilizotulia ndiyo yaliyouona mji ukiwaka. Kwenye michongo yake moto haumo. Sidhani tunahitaji kuchagua kati ya heshima ile na ukimya ule, maana vimetoka mkononi mwa mtu mmoja, na kimoja ndicho kinachorahisisha kingine. Mtazamaji wa Augsburg angeweza kuwapenda watu wa mbali bila kuulizwa fedha zake zimewafanyia nini.

Upande wa pili una hoja nyingine yenye nguvu zaidi: usahihi. Umbo la Afrika kwenye ramani ya Cantino linatambulika mara moja. Ukitoka kwenye ramani za Ptolemaio, mwanajiografia wa kale, ambazo kwa karne nyingi ziliionyesha Bahari ya Hindi ikiwa imefungwa na nchi kavu upande wa kusini, ukaja kwenye hii, ni kama mtu amefungua dirisha. Na kuiweka Brazil, rasi ya kusini mwa Afrika, Kilwa na India kwenye ngozi moja ni kazi ambayo rubani wa baharini wa Malindi au wa Gujarat, India, hakuwa nayo. Alizijua bahari zake. Atlantiki haikuwa na haja kwake. Wareno waliziunganisha. Tusipokiri hivyo, hatutasikilizwa tunapodai mengine.

Ninachotaka kuuliza ni hiki: usahihi ule, kwa upande wa bahari yetu, ulitoka wapi?

Da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikiwa inaanza, akiwa na rubani aliyepewa na mtawala wa mji huo. Tarehe 20 Mei alikuwa mbele ya Calicut, siku 26 baadaye. Wakati wa kurudi aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijashika. Safari ileile ikachukua karibu miezi mitatu, na mabaharia 30 wakafia njiani. Waliporudi kwenye pwani ya Afrika, Januari 1499, waliobaki hawakutosha hata kuendesha merikebu zote, wakaichoma moja, São Rafael, karibu na Tanga. Merikebu zilikuwa zilezile na nahodha yuleyule. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza walifuata majira ya upepo na mtu aliyeyajua.

Mtu huyo ametajwa na mwanahistoria wa Kireno João de Barros, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1552. Anamwita Malemo Caná, Mwislamu wa Gujarat. Malemo ni maalim lililopita kinywani mwa Mreno; maalim ndiye mwalimu wa chombo, mjuzi wa njia za baharini. Barros anaeleza kwamba rubani huyo alimwonyesha da Gama ramani ya pwani yote ya India, iliyochorwa kwa mtindo wa Waislamu, yenye mistari ya kukatana. Da Gama naye akamtolea chombo chake cha kupimia kimo cha jua, astrolabu kubwa ya mbao, pamoja na nyingine za chuma. Rubani hakustaajabu. Alieleza kwamba marubani wa Bahari ya Shamu nao wana vyombo vyao vya shaba vya kupimia jua na nyota, na kwamba yeye na wenzake hutumia kifaa cha vipande vitatu vya mbao.

Kwangu hicho ndicho kisa kikubwa kuliko nguzo ya Malindi. Watu wawili wenye elimu wanakutana, kila mmoja anatoa alichonacho, na mwenye ramani ya bahari ile si Mreno. Ramani ya rubani haikutufikia. Iliyotufikia ni ile iliyochorwa Lisbon miaka michache baadaye, na juu yake pana bendera za upande mmoja.

Hapa lazima niseme neno kwa ndugu zangu wa pwani, na kwa jamaa wa Oman na Ghuba. Tunapenda kusema rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid. Dai hilo linatokana na mwandishi wa karne ya 16, Qutb al-Din al-Nahrawali, ambaye hakuwapo. Maandishi ya Kireno yanasema mtu wa Gujarat, na watafiti wengi leo wamelikataa jina la ibn Majid. Tunapolilazimisha tunafanya kosa lilelile la Waldseemüller: tunatafuta mtu mkubwa wa kumpandisha juu ya samaki, na mjuzi asiye maarufu aliyeifanya kazi anazama.

Ibn Majid ana thamani yake bila ya kisa hicho. Alitoka Julfar, sehemu iliyo katika Ras al-Khaimah ya leo, na aliandika sana juu ya uanamaji. Kazi yake moja, as-Sufaliyya, ni shairi refu la njia ya kwenda Sofala, lenye vituo na vimo vya nyota. Nalitaja kwa sababu linajibu swali la wale wanaouliza mbona upande wetu haukuchora. Elimu ya bahari ile ilibebwa kwa kiasi kikubwa na mizani na vina. Shairi halilowi, haliibiwi kirahisi, na kijana anaweza kulihifadhi kabla hajashika usukani. Anayezoea kuona elimu kwenye karatasi tu atapita mbele yake bila kujua amekutana na ramani.

Ndiyo maana siungi mkono kuziondoa picha za Wazungu. Tukiitupa Kilwa ya mwaka 1572 tunapoteza pia ushahidi kwamba Ulaya iliijua kuwa mji wa mawe unaostahili kupangwa pamoja na Aden. Hogenberg hakuwahi kuiona Kilwa, lakini zile kuba zake si ndoto tupu: msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani una kuba na matao mpaka leo. Wala siungi mkono kuzichapisha zikiwa peke yake, na tarehe yake chini tu, kama zinavyokaa katika vitabu vingi. Chini ya picha ile iandikwe kilichotokea Julai 1505. Chini ya ramani ya Cantino liandikwe jina la Malemo Caná na zile siku 26. Hiyo ni kazi ya mistari miwili, na mwalimu yeyote anaweza kuianza kabla wizara haijaamua.

Na kando yake iwekwe michoro ambayo wengi wetu tumeipita bila kuitazama. Kwenye lipu za kuta za magofu ya Gedi, Kilwa na Songo Mnara kuna vyombo vya baharini vilivyokwaruzwa kwa ncha ya kitu kikali: omo, tezi, milingoti, tanga limekunjwa au limejaa upepo. Havina bendera ya kudai bahari. Aliyevichora alikuwa amesimama ndani ya nyumba au msikiti, akakitoa kichwani chombo alichokijua.

Mjini Mombasa, ndani ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wachimbuaji walikuta pia michoro ya ukutani iliyofanywa na Wareno waliokaa humo, kwa mkaa na udongo mwekundu: merikebu, makanisa, watu, samaki, hata kinyonga. Hakuna mfalme aliyeilipia. Ni mkono wa mtu aliyekaa mbali na kwao, akichora merikebu ukutani kama alivyofanya mtu wa Gedi kabla yake, na kinyonga yule lazima alimwona hapahapa.