Makaa ya Mawe si Mkaa

Jumapili iliyopita, katika baridi hii ya Julai ambayo mtu wa Uyole hahitaji kusimuliwa, niliingia kwa jirani yangu nikakuta jiko limewekwa sebuleni, limejaa vipande vyeusi vinavyong'aa, moshi wa njano ukipanda ukutani na watoto wakikohoa. "Mwalimu, muuzaji amesema ni mkaa tu, ila wa mawe," mama mwenye nyumba aliniambia. "Moshi ukiisha unaingiza ndani." Maneno hayo yameniudhi kuliko moshi wenyewe, kwa sababu kosa limeanzia kwenye jina.

Mkaa wetu ni mti uliokwisha kupikwa. Mjomba wangu alichoma mkaa Iringa kwa miaka mingi, na tanuri lake alilisoma kwa rangi ya moshi: ukiwa mweupe mzito, maji yanatoka, ukiwa wa njano na kuchoma macho, mti unatoa tindikali na lami, ukigeuka wa buluu na mwepesi, mkaa umeiva. Uchafu huo wote aliuacha porini. Makaa ya mawe hayajapita tanuri lolote. Ni mabichi, na anayeyawasha ndani ameigeuza sebule yake kuwa tanuri.

Wanafunzi wangu huwa ninawaonyesha jambo hili nje ya darasa kwa kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari kwenye kifuniko. Tukiweka humo makaa yaliyopondwa na kulipasha kopo moto, kwanza hutoka mvuke, kwa kuwa maji huondoka kwenye nyuzi 100 au zaidi kidogo. Kati ya nyuzi 200 na 300, sehemu ya oksijeni iliyoshikamana na kaboni huanza kung'oka na kutoka kama kaboni dayoksaidi. Kuanzia nyuzi 350 hivi, molekuli kubwa hukatika, na moshi mzito wa njano huchomoza tunduni. Ukiusogezea kiberiti, unawaka. Tukifungua kopo likishapoa, chini ya kifuniko hukuta matone ya kahawia yanayonata vidoleni na kunuka kama dawa ya nguzo za umeme. Hiyo ndiyo lami ambayo watoto wa jirani yangu walikuwa wakiivuta, pamoja na gesi za salfa.

Kadiri makaa yalivyo machanga, yaani hayajakomaa sana ardhini, ndivyo maji na oksijeni vinavyozidi ndani yake. Yale ya kahawia ya Bonde la Latrobe, Australia, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Makaa machanga hivyo hayayeyuki na kugandamana yanapopashwa moto, bali hubaki vipande na unga, ndiyo maana unga huo huhitaji gundi ili ufinyangwe tena kuwa vipande. Ya migodi yetu ya Kiwira na Ngaka yamekomaa zaidi ya hayo, lakini kukomaa ardhini si kuiva tanurini.

Ninakubali, kwa shingo upande, kwamba misitu yetu inahitaji kupumzishwa, na kwamba tangu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipokatazwa kuni na mkaa mwaka 2024, wapishi wengi wanatafuta pa kukimbilia. Basi makaa yapikwe kwanza, mbali na nyumba, katika tanuri linalonasa lami na gesi, ndipo yafinyangwe na kuuzwa.

Hata yakipikwa, kauli ya "moshi ukiisha" inaua. Kaboni dayoksaidi inayopita katikati ya makaa mekundu hunyakua kaboni nyingine na kuwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu na kuinyima oksijeni. Jiko lisilo na moshi linaitoa gesi hiyo usiku kucha, liwe la makaa ya mawe au la mkaa wa mti.

Tulilibeba jiko lile hadi uani, tukafungua madirisha licha ya baridi. Jana nilimfuata muuzaji na kopo langu mkononi, tukaliweka motoni palepale penye magunia yake. Aliutazama moto ukiwaka tunduni, akaniomba niache kopo ili awaonyeshe wateja wake.