Anayeuza bekapu auze na kurudisha

Soko kuu la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Novemba 16, 2024, eneo hilohilo la Kariakoo, ghorofa lenye maduka liliporomoka na kuua watu. Mambo kama haya yakitokea, mafundi wa kompyuta hupata hoja ya kumpelekea mwenye duka: tulipe kidogo kila mwezi, tukutunzie nakala ya data yako, yaani bekapu, mahali pengine. Hoja ina uzito. Shida ni kwamba wengi wanaoiuza wanauza nusu yake.

Tuanze na wanaosema huduma hii iuzwe. Chukua duka la jumla lenye kompyuta moja chini ya kaunta, programu ya hesabu kama Tally au QuickBooks ndani yake. Stoku unaweza kuihesabu upya kwa macho. Madeni je? Mteja wa Mbeya au Mpanda aliyepewa mzigo kwa mali kauli, orodha ikipotea, ni wachache watakaopiga simu kukumbusha kwamba wanadaiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari siku hizi ni faili. Bekapu iliyopo, kama ipo, ni diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo mchana na usiku. Mwizi akija anaondoka na vyote viwili. Zikiingia programu zinazofunga mafaili na kudai pesa, zinafunga na yaliyo kwenye diski, maana kwa kompyuta ile diski ni folda nyingine tu. Mwenye duka ataahidi kuichomoa kila jioni, na wiki ya kwanza ataichomoa kweli.

Kwa hiyo kumlipa mtu afanye kazi hiyo si anasa. Tena Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na fundi naye anapata kipato cha kila mwezi badala ya kusubiri mashine ya mtu iharibike.

Wanaopinga huanza na bei, ila hapo siwasikilizi sana, bei hupatana. Intaneti ndiyo hoja yao halisi. Data ya Tally ni nyepesi, inapanda mtandaoni bila shida. Zahanati yenye picha za eksirei ni habari nyingine: GB 200 kwenye laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde huchukua karibu siku 4 mfululizo, laini isipokatika. Na laini hukatika. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazoleta intaneti, ziliharibika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo siku kadhaa. Aliyekuwa na nakala mtandaoni peke yake, nakala ilikuwepo na hakuweza kuifikia. Anayeuza bekapu ya mtandaoni bila nakala ya pili iliyo karibu, nyumbani kwa mteja au tawi jingine, hana jibu kwa hili.

Hoja ya pili inamgusa fundi mwenyewe. Julai 2021 wahalifu walipitia programu ya Kaseya, ambayo kampuni za mafundi huitumia kuhudumia wateja wao, wakafunga kompyuta za biashara zinazokadiriwa kufika 1,500. Maduka ya Coop huko Sweden yalifungwa kwa mamia kwa sababu mashine za malipo zilikufa. Sasa fikiria fundi wa hapa, nywila za wateja wake wote ziko kwenye laptopu moja anayoazima mdogo wake. Huyo ndiye mlango wa wahalifu. Akishika data ya wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhesabu kuwa mchakataji, na anapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Pamoja na hayo yote naona huduma iuzwe, ila kinachouzwa kiwe kumrudisha mteja kazini. Programu ya bekapu hutuma ujumbe wa “imefanikiwa” kila usiku, na hakuna anayefungua kilichohifadhiwa. Faili ya QuickBooks iliyonakiliwa huku imefunguliwa inaweza kuwa mbovu. Folda ya Tally inaweza kuwa nzima, lakini nywila ya kuifungua anaijua mhasibu aliyeacha kazi mwaka jana. Mambo haya huonekana kwa njia moja tu: leta laptopu nyingine dukani, rudisha data, mwenye duka afungue leja ya mdaiwa mmoja na kuilinganisha na makaratasi. Asubuhi moja kila miezi mitatu inatosha.

Kabla ya bei, mteja aulizwe yuko tayari kuandika upya kwa mkono mauzo ya siku ngapi, na anaweza kuuza bila kompyuta kwa muda gani. Duka la vifaa vya ujenzi, lenye mashine ya risiti za kodi (EFD) inayojitegemea, hustahimili siku mbili tatu kwa kitabu cha risiti. Huyo hahitaji seva ya akiba inayowaka saa 24. Na mwenye faili moja la hesabu anahitaji flashi mbili, moja ikilala nyumbani. Kumfunga kwa mkataba wa mwezi ni kumla pesa yake bure.

Mkataba wenyewe utaje nakala ziko wapi. Kituo cha data cha kampuni ya OVH kilipoungua Strasbourg, Ufaransa, Machi 2021, wapo waliokuwa wamelipia bekapu wakagundua ilikuwa imewekwa palepale palipoungua. Utaje pia saa au siku za kurudisha kazi, nani analeta kompyuta ya muda, na gharama yake iko kwa nani. Fundi asiyeweza kujaza nafasi hizo aseme wazi kwamba anauza hifadhi tu, na atoze bei ya hifadhi.