Rovu la bibi yangu nimelisomea Ubelgiji

Bibi mzaa mama alikuwa na rovu. Lilikuwa na ukubwa wa chungwa, limekaa upande wa kushoto wa shingo, na sisi wajukuu tulipovuka ziwa kwenda likizo Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, tulilipapasa bila woga wakati yeye akimenya maharage. Hakuna aliyetuambia kwamba ule ni ugonjwa. Majirani zake nao walikuwa nalo. Mimi nilijua tu kwamba wanawake wakizeeka shingo huvimba, kama nywele zinavyokuwa nyeupe.

Miaka ishirini na mitano baadaye nimeketi katika maktaba ya chuo kikuu, Brussels, mvua inapiga dirishani, nafungua makala kuukuu ya kitabibu, na kichwa chake kinataja Idjwi. Nilikisoma mara tatu. Madaktari wa Kibelgiji, akina Delange na Ermans, walikuwa wamezunguka kisiwa chetu miaka ya 1960 wakipapasa shingo za watu na kupima damu na mikojo yao. Kituo cha utafiti cha pande hizo ni Lwiro, kilomita arobaini na kitu kutoka mji wetu wa Bukavu, ukishapita Kavumu. Nami Lwiro nimefika! Nilipokuwa mwanafunzi tulipelekwa kuangalia sokwe. Maktaba tuliipita mlangoni, mlinzi akatupungia mkono, tukaenda zetu kula mandazi.

Walichokikuta madaktari wale kinastahili kusimuliwa kwa utulivu. Kisiwa kizima kilikuwa na uhaba wa iodini. Lakini rovu lilijaa kaskazini, na kusini-magharibi lilikuwa haba, ingawa iodini ilikuwa chache pande zote mbili. Jibu lao, lililochapishwa 1971, lilielekeza kidole kwenye muhogo. Muhogo una sumu, na mwili ukiivunja sumu hiyo hutoa kitu kinachoizuia tezi ya shingo isiinase hata ile iodini kidogo iliyopo. Tezi inavimba kwa kuhangaika. Na mama mjamzito akikosa iodini, anayelipa ni ubongo wa mtoto tumboni. Kisiwani walikuwepo watu wafupi mno, wazito wa kusikia, wazito wa kuelewa, ambao sisi watoto tuliwaita kwa majina nisiyotaka kuyaandika hapa. Niliposoma makala ile niliyakumbuka majina yote.

Mnaweza kuniuliza, wewe mtu wa fizikia ulitafuta nini kwenye makala za marovu? Ni swali la haki. Mama yangu huliuliza kila Jumapili kwa simu.

Mimi nimesomea fizikia ya nadharia, ile isiyo na maabara, ya ubao na karatasi. Nilianza na sumaku. Mwaka 1925 Mjerumani Ernst Ising alichapisha hesabu ya sumaku ndogondogo zilizopangwa mstari, kila moja ikimwangalia jirani yake tu, igeuke juu au igeuke chini. Mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa mara mbili. Nenda soko la Kadutu siku yenye fununu. Mama wa nyanya anamtazama mama wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Huyu akianza kukunja turubai, na yule anakunja, wa tatu anabeba beseni kichwani, na kabla hujachagua fungu lako la lengalenga soko zima limefungwa, wala hakuna hata mmoja aliyesikia risasi. Hesabu ni ileile. John Hopfield, mwanafizikia wa Marekani, alitumia hesabu za ukoo huo mwaka 1982 kuonyesha jinsi mtandao wa seli za neva unavyoweza kutunza kumbukumbu, na mwaka 2024 yeye na Geoffrey Hinton wakapewa Nobel ya fizikia. Kuna waliolalamika kwamba hiyo si fizikia. Mimi jioni hiyo nilijinunulia bia.

Upande wa uchumi mlango ulikuwa wazi zamani zaidi. Jan Tinbergen, Mholanzi, aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1929 chini ya mwanafizikia Ehrenfest, mguu mmoja katika fizikia, mwingine katika uchumi. Mwaka 1969 akawa mmoja wa wawili wa kwanza kupewa Nobel ya uchumi. Yeye ndiye aliyeutazama mshahara wa mtu kama mbio kati ya teknolojia na shule: teknolojia ikitangulia, wachache waliosoma wanavuna, wengine wanaachwa njiani.

Kwa hiyo kikundi chetu cha utafiti, chenye mwanafizikia mmoja, mama mmoja mchumi wa elimu, na daktari anayefuatilia ubongo wa watoto, huku si kioja. Tunakula meza moja saa sita. Daktari anatuambia kwamba ubongo wa mtoto mchanga una kama robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, na akitimiza miaka miwili umeshavuka robo tatu. Kwamba mtoto wa miaka mitano akiwa ametulia tu, ubongo wake peke yake unakula zaidi ya nusu ya nguvu ya mwili. (Toka siku hiyo simcheki tena mpwa wangu anayeomba chakula saa nne asubuhi.) Mchumi naye anauliza: sawa, na ukiuhudumia ubongo huo mapema, mtu anapata nini ukubwani?

Mfano anaoupenda ni wa Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, walichukuliwa watoto wadogo 129 waliodumaa. Katika baadhi ya familia mhudumu wa afya alifika kila wiki, saa moja, kwa miaka miwili, akamwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vya kutengeneza nyumbani. Basi. Watoto wale walipofika miaka 22, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao wasiotembelewa.

Nilipoyasikia haya mara ya kwanza nilicheka, wakadhani nimekosa adabu. Saa moja kwa wiki ya kuongea na mtoto! Kwetu mtoto anapita mapaja kumi kabla ya jua kuzama. Anaimbiwa, anatukanwa kwa upendo, anatumwa chumvi kwa jirani kabla hajajua kuhesabu hadi tano. Hapa jengoni kwangu kuna mtoto wa ghorofa ya tatu ambaye nimemwona miaka minne, na sijui jina lake. Nikimsalimia mama yake anashika begi. Nilitaka kuandika makala nzima ya kujisifu juu ya jambo hili. Kisha nikamkumbuka bibi na maharage yake. Maneno tulikuwa nayo tele. Tulikosa chumvi yenye iodini.

Hapo ndipo ninapogombana na pande zote mbili. Wako ndugu zetu huku Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, wanaosema nyumbani hakuna akili iliyobaki. Wako wa nyumbani wanaosema sisi tumekuja kuosha vyombo vya wazungu na kuvaa koti. Mimi naona kitu kidogo zaidi, na kinauma zaidi: huku wana mtu wa kulipia saa za kupotea, sisi hatuna. Mwaka wangu wa pili nilikosea hesabu moja kwa miezi minane. Miezi minane! Profesa aliniambia vizuri, sasa tunajua njia hiyo haifiki popote. Nilipomsimulia mama alinyamaza, akauliza, "Na mshahara walikupa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Usiwaambie watu wa huku."

Nyumbani nilifundisha fizikia miaka mitatu katika shule moja ya Bagira. Nilikuwa NP, yaani mwalimu asiyelipwa na serikali, na anayejua mambo ya elimu kwetu anajua tuko wengi. Nilikula prime ya wazazi, yaani malipo yanayotoka mifukoni mwa wazazi, desturi iliyozaliwa miaka ya 1990 serikali ilipoacha kulipa. Mwisho wa mwezi mkuu wa shule alinihesabia noti za faranga zilizonuka samaki, kwa sababu zimetoka moja kwa moja sokoni. Nilijua kabisa ni mama gani amenilipa mimi na kukosa mafuta ya taa. Septemba 2019 ikaja elimu ya bure ya shule ya msingi, ile ambayo Katiba ya 2006 iliiahidi katika kifungu cha 43, na mpwa wangu akajikuta kwenye benchi moja na wenzake watano, daftari likiandikiwa gotini. Mimi naiunga mkono elimu ya bure, sitetereki. Lakini mchumi wa elimu akikaa wiki mbili katika darasa lile hahitaji kutafuta mada ya utafiti. Mada itamkalia mapajani.

Nani akae, sasa? Nina rafiki, tulisoma naye, ni asistenti, yaani mhadhiri msaidizi, mwaka wa kumi na moja. Anafundisha fizikia hapa, takwimu pale, na lojiki kwenye taasisi ya tatu ambayo ikimlipa anapiga simu kunitangazia. Anapanda boti kwenda Goma kumaliza somo la saa arobaini na tano kwa siku sita. Anauza silabusi, yaani vijitabu vya masomo yake. Usiku SNEL ikikata umeme anasahihisha mitihani kwa mwanga wa simu. Mtu huyu amevuka mipaka ya taaluma kuliko mimi, ila yeye amevushwa na njaa. Na kichwani ananizidi. Mimi nilinakili kwake mitihani miwili, leo nakiri.

Nao wenzangu wa huku, pamoja na mashine zao za kupiga picha za ubongo, wanaishi kwa maswali ya kuazima. Daktari wetu, mtu mwema sana, hajawahi kuona rovu kubwa kwa macho yake. Siku nilipomweleza la bibi aliniomba nimchoree ubaoni. Nilichora. Nilijisikia vibaya nikichora, sijui kwa nini.

Agosti 2023 nilirudi likizo kupitia Kigali, nikavuka Ruzizi na kichupa kidogo mfukoni. Ni kipimo rahisi: unadondosha tone juu ya chumvi, na kama ina iodini inageuka rangi kuelekea buluu ya zambarau. Chumvi ya pakiti ya mama, Bukavu, iligeuka papo hapo, nyeusi-nyeusi kama wino wa Bic. Nikapanda boti hadi Idjwi kwa shangazi. Yeye hununua chumvi sokoni kwa kipimo cha glasi, imemwagwa juu ya gunia, halafu anaitunza kwenye kopo la maziwa lisilo na mfuniko, karibu na mafiga, mahali penye mvuke siku nzima. Unyevu na chumvi iliyoachwa wazi ndio adui wa iodini. Tone langu lilitua. Tukasubiri. Ikatokea rangi hafifu, kama doa la chai kwenye shati jeupe.

Shangazi aliinama, akatazama, akasema, "Yaani umesoma miaka yote hiyo uje kuonja chumvi yangu?" Lakini jioni niliona kopo limefunikwa kwa kisahani.

Niliporudi niliwaambia wenzangu. Mchumi akasema, kwa haki yake, kwamba tone moja si utafiti. Mwaka 2024 tukaandika mradi: chumvi ya sokoni, muhogo, watoto wa chekechea, na matokeo yao shuleni baadaye. Nilipendekeza rafiki yangu asistenti awe kiongozi. Fomu ya mfadhili ikakataa. Kiongozi lazima awe na mkataba katika chuo cha Ulaya. Kwa hiyo kiongozi ni mimi, ambaye mkataba wangu unaisha baada ya miezi kumi na nne na sijui nitakuwa nchi gani, na mtu aliye umbali wa safari ya boti ameandikwa "mshiriki wa huko". Sikulikataa sharti hilo. Ningelikataa tusingepata hata kikao.

Februari 2025 mji wetu wa Bukavu ukatekwa, benki zikafungwa, na mfadhili akatuandikia barua fupi yenye neno "kusubiri" mara tatu.

Kichupa nilikiacha kwa rafiki yangu. Wiki iliyopita, bila mfadhili na bila kuniambia, amevuka hadi Idjwi, amepita masoko, amenunua glasi moja moja ya chumvi kwa pesa ya silabusi. Amenitumia picha kwa WhatsApp usiku wa manane: vikombe tisa vya plastiki vimepangwa juu ya ukuta wa mawe, ziwa nyuma yake, na juu ya kila kikombe jina la soko kwa kalamu ya bluu. Sita vimegeuka vizuri. Viwili ni kama kile cha shangazi. Cha nne kutoka kushoto ni cheupe kabisa, na chini ya picha ameandika, "Hiki nimekirudia mara tatu."